Mwendo wa Saa Kumi Jioni

Ujiji, Jumatano mchana

Mwanangu Mwamini,

Salamu tulishapeana asubuhi. Wewe ulisema shikamoo ukiangalia kizingiti, mimi nikajibu marahaba nimeinamia cherehani, na maneno yetu ya leo yakaishia hapo. Sasa umekwenda Gungu kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko uani anahamishia dagaa wako kwenye mfuko mwingine, maana wa kwanza ameuona mdogo. Mimi nimefunga milango ya duka jua likiwa kali, mteja mmoja ameshagonga na nimenyamaza. Nataka niandike kabla hujarudi, kwa sababu nakijua kichwa changu: tukitazamana nitaanza kukueleza habari za nauli.

Ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia pa kuficha hela, mtu wa kutokaa naye behewani, na maji ya stesheni gani hayafai kunywa, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Tabora. Akimaliza yeye, shangazi yako ataanza upya. Mimi nina jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu juma lililopita.

Ulikuja dukani hapa mbiombio, kanga imekudondoka begani, ukapiga meza yangu kwa kiganja mpaka chaki zikaruka.

"Baba, nimewaacha wote!"

Wakala aliyetoka Dar es Salaam kutafuta wasichana wa kiwanda cha nguo alikuwa amewakusanya ukumbini pale Gungu, akampa kila mmoja fungu la mikono ya mashati, akashika saa. Ulimaliza fungu lako wakati aliyekufuata bado ana theluthi nzima mezani. Akakuita pembeni, akakuambia kwamba siku ya kwanza kiwandani utakaa kiti cha mbele, supavaiza atakupima, na laini nzima itawekewa tageti kwa mwendo wako. "Mimi ndiye kipimo, baba," ulisema. Halafu ukapiga goti kwa furaha ile ile, ukaniomba radhi ya kwenda.

Nami nikaweka mkasi chini, nikatoka, nikaenda kusimama barabarani kama mtu anayesubiri gari. Hakukuwa na gari. Niliporudi ulikuwa umeondoka, na goti lako limeacha alama kwenye vumbi la vitambaa.

Juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba ana wivu. Hataki mtu amzidi kwenye cherehani." Mama yako akacheka, akasema, "Fundi gani asiye na wivu?"

Wivu ninao, sikatai, lakini si kwako. Nilikufundisha mimi, ukiwa huwezi hata kufikisha miguu kwenye kanyagio, nikakuwekea kreti ya soda. Nilikuwa nikikuwekea vitambaa viwili, changu na chako, na nikikushinda nakucheka. Kasi hiyo waliyoiona Gungu niliijenga kwa mkono wangu, mshono kwa mshono, nikijisifu kwa wenzangu wa sokoni. Ndiyo maana nilipokusikia unasema neno "kipimo" niliogopa. Namfahamu mtu mmoja aliyewahi kuwa kipimo. Ni mimi.

Hili sijawahi kukuambia, wala mama yako halijui lote.

Miaka ile Warundi walipomiminika kwa wingi, kabla hujazaliwa, mji huu ulibadilika kama mtu aliyeota hela. Kila mwenye lori akawa tajiri, kila mwenye chumba akapandisha kodi, maharage yakapanda, na sisi wenye mikono tu tukabaki tunawatazama wengine wanavyonenepa kwa shida za watu. Wakati huo nilikuwa nimekodi cherehani, nimekodi na baraza la kuiweka. Nilikuwa fundi kamili, nikishona suti yenye bitana, mfuko wa ndani na kila kitu, lakini nani anashona suti mwaka wa wakimbizi? Watu walikuwa wananunua sufuria.

Ndipo tajiri mmoja, jina lake halitakusaidia kitu, akapata tenda ya kushona sare za watoto wa shule za kambini. Akakodi ghala la dagaa kule Katonga, akaleta cherehani za umeme na jenereta, akatangaza kazi. Ghala lile lilisuguliwa kwa sabuni mara tatu na bado mashati meupe yalitoka yananuka dagaa. Tulikuwa tukicheka kwamba mwalimu wa kambini hahitaji kengele, upepo ukibadilika watoto wanajua sare zimefika.

Mle ndani tulikuwa wanaume wachache. Wengi walikuwa wanawake wa Kirundi waliokuwa wamejificha Bangwe kwa jamaa zao wavuvi badala ya kukaa kambini. Hawakuwa na kibali cha kuwa mjini. Tajiri aliwapenda hao kuliko sisi, na sababu utaiona mwenyewe.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo unayoiendea. Hushoni nguo, unashona kipande. Mmoja mikono, mmoja mifuko, mmoja pindo, mmoja vifungo. Mimi mshona suti nikapewa kola. Nashona kola, nageuza, napiga mshono wa juu, natupa kwa nyuma. Msimu mzima sikushika shati lililokamilika. Nilipoliona moja limeanikwa uani kwa mtu, nililiangalia kola tu, kama mtu anayemtafuta mwanawe kwenye picha ya darasa.

Aliyekaa nyuma yangu aliitwa Dafroza. Mwanamke mrefu wa Rumonge, amenizidi umri kwa miaka kama kumi, mume wake alibaki kule na hakusema alibaki vipi. Kazi yake ilikuwa kupokea kola zangu na kuzifunga kwenye shingo za mashati. Hiyo ni kazi ngumu kuliko yangu, unajua mwenyewe: kola imenyooka, shingo ni duara, ukikosea kidogo shati linakuwa na mkunjo. Mimi namsemesha Kiha, yeye ananijibu Kirundi, tunaelewana kuliko ninavyoelewana na wajomba zangu. Aliniita musaza wanje, kaka yangu.

Dafroza alileta mle ghalani kitu kimoja cha shambani. Kwao kama kwetu, watu wakilima kwa pamoja hujipanga mstari, kila mtu na ukanda wake. Mwenye jembe jepesi akifika mwisho hakai chini kunywa pombe. Anageuka, anaanza ukanda wa aliyechelewa kutoka upande wa pili, wanalima wakifuatana kwa macho mpaka wanakutana katikati. Basi wale wanawake wakafanya vivyo hivyo na mashati. Aliyemaliza mapema alisukuma vipande vilivyoshonwa chini ya meza kwa mguu, vikamfikia aliyechelewa. Mwenye mtoto mgonjwa, mwenye macho mabovu, mjamzito, wote jioni walikuwa na hesabu sawa.

Msimamizi alikuwa kijana aliyetoka mikoa ya mbali, tulimwita Bwana Saa, kwa sababu ile saa yake ya kubonyeza ilikuwa haimtoki shingoni. Usawa huo wa hesabu ulimsumbua sana. Alikuwa akizunguka jioni akisema, "Nyie watu mnafanana kama mapacha. Haiwezekani watu thelathini wakafanana." Dafroza anamjibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, mpole kabisa, "Bwana, ni njaa. Njaa inafananisha."

Tageti ya kola wakati huo ilikuwa kumi na mbili kwa saa. Tenda ikaongezwa, tajiri akataka mashati mara mbili bila kuongeza mtu. Bwana Saa akatangaza kwamba kesho atapima, mtu mmoja mmoja katika kila sehemu, ajue kazi inachukua muda gani hasa.

Asubuhi yake wanawake walikutana kwenye pipa la maji. Dafroza akaja kwangu, akasema, "Leo tunashona mwendo wetu wa kila siku. Hata wewe, musaza wanje." Nikasema, "Sawa, dada." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Aliyepimwa kwanza nikawa mimi. Na mlangoni wamesimama wabeba mizigo wawili, vijana wa Katonga, wamekuja kuchukua marobota na wamepata mchezo wa kutazama.

"Fundi! Umekuja kushindana na akina mama?"

"Huyu si ndiye aliyemshonea mkuu wa wilaya suti?"

"Suti gani? Alimshonea soksi!"

Wakacheka. Na wale wanawake nao wakacheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka. Bwana Saa akabonyeza. Nilianza vizuri, kola ya kwanza, ya pili, mwendo wa kila siku. Kisha mmoja wa wale vijana akasema, "Mwone, ameshachoka." Damu ikanipanda kichwani. Nikakanyaga.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Dafroza, chini chini: "Buhoro, musaza wanje." Polepole, kaka yangu.

Nilimsikia. Nilimwelewa. Ningeweza kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili ya mimba ya mama yako, iliyokuwa wewe, na kodi ya chumba, na ungeniamini. Si kweli. Sikumfikiria mama yako hata kidogo. Nilifanya kwa sababu wanaume wawili nisiowajua majina walikuwa wamesimama mlangoni.

Zilitoka kola ishirini na tatu ndani ya saa moja. Wale vijana walipiga makofi. Bwana Saa akaandika namba ile ubaoni kwa chaki, akaizungushia duara, akanipiga begani. Nilifurahi, Mwamini. Nilipita sokoni nikanunua samaki, migebuka mikubwa, mama yako akaniuliza kuna sikukuu gani. Nikamwambia leo wamejua fundi ni nani.

Kesho yake tageti ikawa ishirini na tatu. Ikawa yangu, kisha ikawa ya kila mtu, maana kola zikija ishirini na tatu, na shingo lazima ziwe ishirini na tatu, na mikono, na vifungo. Asiyefikisha analipwa nusu siku.

Sasa sikiliza hesabu, kwa sababu wewe hesabu unaijua. Ile saa niliyopimwa ilikuwa saa mbili asubuhi. Mgongo mzima, macho maangavu, bobini imejaa uzi, vipande vimekatwa na kupangwa mbele yangu na mtu mwingine. Bwana Saa alichukua saa hiyo moja, akaizidisha kwa saa zote za kutwa, kana kwamba mtu ni bomba. Kufikia saa nane uzi umekatika mara kadhaa, jenereta limezimika na kuwashwa, kiuno kinauma. Saa kumi jioni mimi mwenyewe, bingwa, nilikuwa nashona kumi na sita. Nilishindwa namba yangu mwenyewe siku ya kwanza! Bwana Saa akaja akasimama pembeni.

"Mbona jana uliweza?"

Ningemjibu nini? Kwamba jana nilikuwa najionyesha? Nikasema, "Uzi huu mbovu, bwana." Akasema, "Uzi ni ule ule." Nikainama nikakanyaga.

Hapo ndipo ule utaratibu wa kugeuka ulipokufa. Hakuna aliyeukataza. Ila hapakuwa tena na mtu aliyemaliza mapema, basi hapakuwa na cha kusukuma chini ya meza. Kila mmoja akabaki na ukanda wake. Na mimi, ili nisikatwe nusu siku, nikawa natupa kola nyuma bila kugeuka kuangalia zinaangukia wapi. Ziliangukia kwa Dafroza. Lundo likapanda mpaka likamfunika kifua, nikawa naisikia cherehani yake tu, mwenyewe simwoni.

Wanawake waliacha kunywa maji asubuhi. Kulikuwa na kibao kimoja cha ruhusa ya choo kwa ukumbi mzima, na kukisubiri ni kola tatu au nne zimepotea. Kuna mambo ya wanawake mle ndani ambayo baba hamwandikii binti yake, mama yako akuambie, au jaza mwenyewe. Dafroza alitoa kile kichuma kinachokinga sindano, kwa sababu kilimziba asione duara la shingo akienda haraka. Wote walitoa. Bwana Saa aliona, akapita zake.

Siku ajali ilipotokea, Dafroza hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Zima." Nikageuka. Sindano ilikuwa imepita kwenye ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili, uzi umefuata, na kidole kimeshonwa pamoja na kola yangu kwenye shati jeupe. Nilizungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ikatoka. Bwana Saa akaja mbio, akalishika shati, akalinyanyua kwenye mwanga.

"Hili limeharibika," akasema.

Akamwambia aende na asirudi. Dafroza akataka kudai malipo ya siku zake, Bwana Saa akamjibu bila hata kupandisha sauti, "Nenda polisi, mama. Wataanza na kibali chako." Maneno nilikuwa nayo, Mwamini. Mimi ni mwenyeji, nina ndugu Ujiji yote, nani angeniuliza kibali? Nilichotakiwa kusema hakikuzidi sentensi moja. Nikatazama ubao, nikatazama lundo langu.

Dafroza alichana utepe wa kitambaa cha kola, akazungushia kidole, akafunga kwa meno. Akaniambia, bila hasira, kama mtu anayeuliza jambo la kazi: "Sasa kola zako nani atazipokea?"

Nikageukia cherehani.

Wiki hiyo hiyo lori lilipita Bangwe likawazoa wasio na vibali, likawapeleka kambini upande wa Kasulu. Sikumwona tena. Mimi nikafanywa kiongozi wa laini. Tenda ilipokwisha, tajiri akatoroka na mishahara ya mwisho ya watu, ila alikuwa ameniachia cherehani moja badala ya mshahara wangu. Niliitoa mota nikaifungia kanyagio. Ndiyo hiyo uliyowekewa kreti ya soda. Watu wa mtaa wanapenda kusema fundi huyu hakuanza na kitu, na mimi nimewaacha waseme kwa miaka yote hii, maana inapendeza kusikia. Nilianza na kitu.

Mwaka huu boti zimeanza tena kushusha watu. Ulipowaona wamejaa uwanja wa mpira wakisubiri mabasi ya kambini, uliniuliza kwa nini nimekwenda huko siku tatu mfululizo wakati kazi zimelala dukani. Nilikujibu kwamba natafuta wateja, nawe ukaniambia, "Baba, hata aibu huna?" Ulikuwa na haki kwa jibu nililokupa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuangalia vidole. Askari wa lango akaniuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Nikamwambia ndugu yangu, Dafroza, wa Rumonge. Akacheka, "Mzee, hapa ndani nusu ni wa Rumonge, na kila safu ina Dafroza." Akaniacha nipite. Niliangalia mikono ya kila mwanamke mzee aliyeweza kuwa yeye. Wengine walidhani nataka kuwapa kitu, wakainyoosha.

Sikumpata. Sijui ningemwambia nini.

Sasa twende kwenye kiwanda chako. Sikisemi vibaya, sijakiona. Pengine kina feni na mganga na choo kisicho na kibao. Lakini nguo za viwanda kama hicho nazijua, kwa sababu zinakwenda ng'ambo zinavaliwa, kisha zinarudi hapa Kigoma kwenye mabelo ya mitumba na kuniua kwa njaa. Nimekwisha kufumua suruali moja ya mitumba mpaka ikawa vipande tupu, nikahesabu mikono tofauti iliyopita pale: kila mtu ana namna yake ya kurudisha mshono mwanzoni. Nilifika ishirini na tisa nikaacha. Watu ishirini na tisa, na bei yake pale sokoni haifiki ya chakula cha mtu mmoja kwa siku. Na pindo zake zilikuwa zimepinda kidogo, mshono umetanuka, wa mtu aliyechoka. Niliishika nikasema, huyu alikuwa na ubao mbele yake.

Nilitaka kukuzuia. Juma zima nimekuwa nikitafuta namna ya kukuzuia na sijaipata, kwa sababu sina kitu cha kukupa badala yake. Duka hili halitulishi watatu, nimelipigia hesabu kila upande. Kwa hiyo unakwenda. Nakuomba jambo hili moja.

Wakikuweka kiti cha mbele na mtu mwenye saa akasimama, usimshonee mwendo wa Gungu. Sikuambii ushone vibaya, wala uvute miguu wakuone mvivu. Mshonee mwendo wako wa saa kumi jioni. Unaujua, umeushona hapa miaka: ule wa siku ya kuamkia Idi, gauni bado nne, mgongo umekufa lakini mshono umenyooka. Huo ndio mwendo ambao mwili wako unaweza kuulipa kila siku, na msichana wa kawaida anaweza kuufikia bila kuacha kunywa maji. Atakuambia, "Mbona Gungu uliweza?" Usiulaumu uzi. Mwambie ile ilikuwa dakika chache za majaribio, na yeye anataka kutwa nzima, na mwezi, na mwaka. Ni hesabu, mwambie kama hesabu. Kijana mwenye akili atakuelewa. Asiye na akili angalau atakuwa amelisikia mbele ya watu.

Na kabla hujapimwa, geuka, muulize jina anayekaa nyuma yako.

Sijui kama itasaidia. Nakuandikia kwa hesabu za ghala la dagaa. Pengine siku hizi cherehani zinajihesabu zenyewe na ujanja wangu ni wa kizee. Pengine watakuona umewadanganya. Watakuhamishia kwenye vifungo, na yule aliyekufuata Gungu atakaa kiti chako, atakanyaga, watampigia makofi, na wewe utaumia kuliko unavyofikiri sasa. Au watakukatia tiketi ya kurudi. Hilo la mwisho ndilo najua unaliogopa. Shangazi yako ameuza mbuzi. Jirani zetu wamechanga. Mtaa mzima unajua binti wa fundi ni namba moja, na watu wa hapa wakikusindikiza stesheni kwa vigelegele wanatarajia urudi na sanduku.

Mimi nililelewa hivyo. Baba yangu aliponitoa kijijini aliniambia, usirudi na aibu. Ni maneno ya kawaida, kila baba anayasema, na hana nia mbaya. Lakini siku ile Katonga, wale vijana walipocheka, nilichokisikia ni sauti yake.

Kwa hiyo pokea. Radhi ya kwenda unayo, unayo tangu siku ile ulipopiga goti. Ulimi wangu ndio uliochelewa, unisamehe. Na nakupa ya pili, ambayo sikupewa: radhi ya kurudi kabla hujafanikiwa. Wakikurudisha mwezi wa kwanza, rudi. Ukichoka mwenyewe, rudi, hata bila sanduku, hata na kandambili. Niambie treni, nitakuja stesheni mimi, si mama yako, na nitakutembeza barabara kuu mchana watu wakiona. Mbuzi wa shangazi yako nitalipa kwa kushona. Na yeyote atakayekuuliza umerudi kwa nini, mwambie aje dukani amuulize baba yako, ndiye aliyekuagiza ushone polepole.

Nenda, mama.

Baba yako